Mgombea anayerudi aulizwe alikuwa wapi

Msimu wa siasa ukianza kunukia, simu za wafanyabiashara hujaa ujumbe wa kutia moyo, na mmoja unaorudi kila mara ni orodha ya masaibu ya Abraham Lincoln. Biashara ilimfia. Akagombea Bunge la jimbo, akaanguka. Biashara ikamfia tena. Akagombea hiki akashindwa, kile akashindwa, na hatimaye mwaka 1860 akachaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Mara nyingine chini ya orodha hubandikwa picha ya mwanasiasa wa hapa Afrika Mashariki anayeomba kura kwa mara ya tatu au ya nne, na msomaji anaachiwa ajumlishe mwenyewe.

Orodha hiyo inawafaa wagombea kuliko wapiga kura. Inageuza kushindwa kuwa cheti. Mtu aliyekataliwa mara tatu anaonekana kama anadai, na raia ndio wenye deni la kumlipa kiti. Lakini mfanyabiashara anayevusha mzigo Namanga, Busia au Rusumo hamkabidhi dereva gari kwa sababu tu amepinduka mara tatu na bado ana moyo. Humuuliza alipinduka wapi, kwa nini, na tangu siku ile amefanya nini. Safari za Lincoln kwenda Bunge la Illinois, zikisomwa kwa utulivu, zinajibu maswali hayo vizuri kuliko orodha ya kwenye simu. Majibu mengine hayampendezi hata yeye.

La kwanza la kusahihisha ni hesabu. Lincoln aligombea Bunge la jimbo mwaka 1832 akashindwa. Akarudi 1834, 1836, 1838 na 1840, na mara zote nne alishinda. Mbele ya wananchi wenyewe wakipiga kura moja kwa moja, alianguka mara ile moja tu katika maisha yake, na mwenyewe alipenda kulikumbusha hilo. Kwa hiyo habari kubwa iko katika miaka miwili iliyotenganisha anguko na ushindi, na katika kile alichokifanya na kiti baada ya kukipata.

Alikuwa mtu wa biashara, ingawa si mfanyabiashara hodari. Mwaka 1828, akiwa kijana wa miaka 19, alishuka mto Mississippi hadi New Orleans kwenye boti bapa la mbao lenye mazao ya mwajiri wake. Mwaka 1831 alisafiri tena kwenda huko na shehena ya nguruwe, nyama ya mapipa na mahindi. Wakiwa bado kwenye mto Sangamon, boti lilinasa juu ya ukingo wa kinu cha kijiji cha New Salem, pua ikaning'inia upande wa pili na maji yakaanza kuingia nyuma. Wakapakua sehemu ya mzigo, wakatoboa tundu maji yatoke, wakaliziba, wakaendelea. Aliyewahi kulala na lori la vitunguu kwenye foleni ya mpakani hahitaji kuelezwa kijana yule alijifunza nini siku hiyo kuhusu njia mbovu na faida inayoozea njiani.

Aliporudi alikaa New Salem akiwa karani wa duka. Machi 1832, akiwa na miaka 23 na hajatimiza hata mwaka mmoja kijijini hapo, alichapisha tangazo la kugombea katika gazeti la Springfield. Lilikuwa tangazo la mtu wa duka. Alitaka mto Sangamon usafishwe na kunyooshwa ili vyombo vipite. Alitaka sheria ya kuzuia riba ya kunyonga, na papo hapo akakiri kuwa mtu mwenye dhiki kubwa hatakosa njia ya kuikwepa sheria hiyo. Kuhusu reli, ambayo wengi waliitamani, alikubali kwamba ndiyo njia bora kuliko zote, lakini gharama iliyokadiriwa kwa njia moja tu ya kufika Springfield, dola 290,000, aliiona kuwa ya kushtua. Msomaji ashikilie tarakimu hiyo, maana itarudi.

Mto wenyewe haukumsaidia. Majira yale yale meli ndogo ya mvuke iitwayo Talisman ilipanda Sangamon hadi karibu na Springfield, watu wakashangilia kama vile bandari imefika mlangoni, na Lincoln alikuwa miongoni mwa walioisaidia kuiongoza. Kisha maji yakapungua. Meli ikarudi kinyumenyume kwa shida, na huko New Salem ikabidi sehemu ya ukingo wa kinu ibomolewe ndipo ipite. Ahadi kuu ya mgombea ilikuwa imejaribiwa mbele ya macho ya wapiga kura, na imegoma.

Halafu ikaja vita ya Black Hawk. Alijiandikisha katika jeshi la kujitolea na kurudi Julai, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya kura ya tarehe 6 Agosti. Viti vilikuwa vinne na wagombea 13. Alipata kura 657 na kushika nafasi ya nane. Lakini ndani ya New Salem, penye kura 300, alipata 277. Maana yake ni kwamba waliomjua walimtaka karibu wote, na katika kaunti nzima iliyobaki hakuwa na kura 400. Hakukuwa na hujuma wala daftari lililochezewa. Alikuwa hajulikani, basi.

Mgombea wa kawaida angeweza kukaa miaka miwili akilalamika. Lincoln alikwenda kufilisika. Yeye na mwenzake, William Berry, walinunua duka kwa hati za ahadi ya kulipa. Kwa lugha ya sokoni leo, mali kauli. Duka halikuuza. Berry alifariki mapema mwaka 1835, na deni lote, takriban dola 1,100, likamwangukia aliyebaki hai. Lincoln alilitania kwa kuliita deni la taifa, na lilimchukua miaka mingi kulimaliza. Wadai walifika mahakamani. Farasi wake, matandiko na vifaa vyake vya kazi vikapigwa mnada. Jirani mmoja akavinunua na kumrudishia. Hakutoroka kwenda kaunti nyingine, jambo ambalo katika nchi ile ya wahamiaji lilikuwa rahisi na la kawaida.

Hapa ndipo orodha ya kwenye simu inaporuka jambo lenye maana kuliko yote. Mei 1833 Lincoln alipewa usimamizi wa posta ya New Salem. Malipo yalikuwa kidogo, lakini wakati ule aliyepokea barua ndiye aliyeilipia, kwa hiyo msimamizi wa posta alijua nani ana ndugu wapi, nani hana senti na nani anasubiri habari gani. Barua za watu wa mbali aliwapelekea mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka ule akapata pia kazi ya naibu mpima ardhi wa kaunti. Hakuijua, alijifunza kutoka vitabuni. Kazi hiyo ikampeleka mashambani, akiweka mipaka na kusuluhisha ugomvi wa majirani, akilala kwenye nyumba za watu ambao mwaka 1832 hawakuwahi kumsikia.

Agosti 1834 alirudi kwa wapiga kura. Hotuba zilikuwa chache safari hii. Inasimuliwa kuwa alipokuta watu wakivuna nafaka, nao wakasema hawampi kura asiyeweza kazi ya shamba, alichukua zana akavuna nao. Alipata kura 1,376 na kuwa wa pili kati ya wagombea 13. Ndipo akakopa dola 200, akashona suti, akaenda Vandalia, uliokuwa mji mkuu.

Kwa hiyo yule anayejifananisha na Lincoln ana swali dogo la kujibu. Baada ya kushindwa, alikuwa wapi? Kama amekaa mji mkuu wa nchi miaka yote minne au mitano na ameonekana tena mpakani siku ya kuchukua fomu, hajaishi hata mwezi mmoja wa miaka ile miwili ya Illinois. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara ndogo, ambao mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani. Ni jambo la kila siku kwa mama mwenye magunia ya maharage. Mgombea wa jimbo la mpakani ambaye hajui cheti hicho kinatolewa dirisha gani, na kwa nini baadhi ya watu wenye haki nacho wanaishia njia za panya, ni mgeni kama Lincoln wa 1832, hata kama amezaliwa mita mia kutoka kizuizini.

Laiti habari ingeishia kwenye ushindi. Mwaka 1836 Lincoln aligombea mara ya tatu na kuongoza kwa kura katika kaunti yake. Katika tangazo lake la mwaka huo alisema anaunga mkono haki ya kura kwa weupe wote wanaolipa kodi au kubeba silaha, bila kuwatenga wanawake. Maneno hayo yalikuwa mbele ya wakati wake kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine yaliwaacha nje Weusi wote wa Illinois, waliokuwa wakiishi chini ya sheria za kuwabana. Yote mawili yakumbukwe na wanaomtumia kama mtakatifu.

Sangamon ilikuwa na wajumbe tisa katika mabaraza mawili ya Bunge, wote warefu kiasi kwamba waliitwa Warefu Tisa. Walikuwa na kazi moja waliyotumwa na wapiga kura wao: kuuhamisha mji mkuu wa jimbo kutoka Vandalia kuja Springfield. Februari 1837 waliipata. Majira hayo hayo Bunge lilipitisha mpango wa ujenzi wa reli, mito na barabara wa takriban dola milioni 10, karibu zote za mkopo, katika jimbo ambalo hata miaka mitatu baadaye halikuwa na watu nusu milioni. Lincoln aliupigia debe. Yule aliyeshtushwa na dola 290,000 akiwa mgombea maskini, aliona milioni 10 ni sawa alipokuwa mbunge mwenye nguvu.

Wanahistoria wanabishana hadi leo kama Warefu Tisa waliuza kura zao kwa reli za wengine ili wapate mji mkuu. Umbo la mpango lenyewe linaeleza mengi. Kila kona ya jimbo ilipewa kitu. Kaunti ambazo hazikupangiwa reli wala mto zilitengewa dola 200,000 za kugawana, ili zisinung'unike. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake aanziwe, ujenzi ulianza sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Vipande vya tuta vilizagaa nchi nzima, visivyounganisha soko lolote na mto wowote. Mpango uliotungwa ili kila mbunge aende nyumbani na kitu haukumfikisha mwenye mzigo mahali.

Mei 1837 benki za Marekani zilitikisika, fedha ikaadimika na bei ya mazao ikaporomoka. Illinois ikaendelea kukopa kwa muda, na Lincoln, aliyechaguliwa tena 1838, aliendelea kuutetea mpango wakati wengine wameanza kuukimbia. Miaka ya mwanzo ya 1840 jimbo lilishindwa kulipa hata riba. Reli iliyokamilika na kufanya kazi ilikuwa moja, kutoka mto Illinois hadi Springfield, nayo ikauzwa mnada mwaka 1847 kwa sehemu ndogo sana ya kilichotumika kuijenga. Mwaka uliofuata jimbo lilipitisha katiba mpya iliyoifunga serikali mikono katika kukopa. Mabaki ya deni yaliendelea kulipwa na watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati wa kura ile.

Wasomaji wa Kampala, Kigali na Goma wanaoingiza mali kupitia Mombasa hawahitaji kwenda Illinois kuona reli inayosimama kabla ya soko. Reli ya kisasa ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 kwa mikopo ya China, ilifika Naivasha mwaka 2019 na ikakaa miaka bila kusogea Malaba. Kenya ina sababu zake na Uganda zake. Lakini mgombea wa jimbo lolote kando ya njia hiyo anayeahidi reli, bandari kavu au soko kubwa la mpakani anapaswa kusema pia fedha itatoka wapi, riba italipwa na kodi gani, na kipande kitakachojengwa kwanza kitaunganisha nini na nini. Hilo la mwisho ndilo lililosahaulika Illinois, na ndilo rahisi kuliko yote kuuliza kwenye mkutano wa hadhara.

Desemba 1840 kulitokea kituko ambacho watetezi wa Lincoln hawapendi kukitaja. Benki ya jimbo ilikuwa imeruhusiwa isibadilishe noti zake kwa sarafu za fedha hadi kikao cha Bunge kitakapofungwa. Wapinzani walitaka kikao kifungwe haraka. Chama cha Lincoln, kilichoitetea benki, kikataka akidi isitimie. Milango ilifungwa, akidi ikahesabiwa, na Lincoln na wenzake wachache wakaruka kupitia dirishani. Haikusaidia, kwa kuwa walikuwa wameshahesabiwa. Magazeti ya wapinzani yaliwacheka, na kwa haki. Katika uchaguzi uliokuwa umefanyika Agosti ya mwaka huo alikuwa bado ameshinda, lakini kwa kura chache kuliko washindi wenzake wote wa Sangamon. Hakugombea muhula mwingine wa mfululizo.

Aligombea mara moja zaidi, mwaka 1854, akachaguliwa, na kabla ya kuapishwa akakiacha kiti. Sababu ilikuwa kwamba wakati ule maseneta wa Marekani walichaguliwa na mabunge ya majimbo, wala hawakuchaguliwa na wananchi, na mbunge wa Illinois hakuweza kuwania useneta akiwa kitini. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, na kiti alichokiacha kikachukuliwa na chama cha upinzani. Februari 1855 Bunge likamchagua mtu mwingine kuwa seneta. Wapiga kura wa Sangamon waliomtuma Novemba walijikuta hawana mbunge waliyemtaka na hawana seneta waliyemtarajia. Kura yao ilikuwa ngazi tu. Kwa hili Lincoln anastahili lawama, na ukuu wake wa baadaye haulifuti.

Utaratibu ule wa maseneta Marekani iliufuta mwaka 1913. Bunge la Afrika Mashariki, linalotunga sheria zinazogusa forodha, viwango na biashara kati ya nchi wanachama, bado linapatikana kwa njia inayofanana nao: kila bunge la taifa huchagua wajumbe tisa kutoka nje ya wabunge wake. Anayevuka mpaka kila wiki, ambaye sheria hizo zinamhusu kuliko mtu yeyote, hana karatasi ya kura mkononi siku hiyo. Wanaowania nafasi hizo huzunguka korido za wabunge, na wapo wanaorudi awamu baada ya awamu baada ya kukosa. Huenda baadhi yao ni watu wazuri sana. Hakuna anayewauliza sokoni, kwa sababu hawana haja ya kupita sokoni.

Bunge la sasa la Arusha liliapishwa Desemba 2022 na muhula wake ni wa miaka mitano. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, vikiwemo vile vya akina mama wanaovusha nafaka, samaki na mitumba, vina muda wa kuwaendea wabunge wao wa taifa kabla majina hayajapelekwa. Waende na maswali yaliyoandikwa, na kila jina litakalotajwa liitwe mpakani, asubuhi ya siku ya soko, lijibu mbele ya foleni: umewahi kuomba nafasi hii? Ulipokosa, ulifanya nini? Cheti cha mzigo wa dola 2,000 kinatolewa dirisha lipi?